Kiganja Juu ya Majivu: Kamera ya Joto na Saratani ya Matiti

Hotuba iliyotolewa mjini Kisumu, mwezi wa Oktoba, mbele ya wahudumu wa afya ya jamii, vikundi vya kina mama na wanafunzi wa uhandisi

Mama zangu, dada zangu, wazee wetu mliofika, wahudumu wetu wa afya ya jamii tunaowaita nyamrerwa, na nyinyi vijana mlioketi nyuma na kompyuta zenu: asanteni kwa kuja. Amosou uduto, nawasalimu nyote.

Nianze na nyanya yangu. Jikoni kwake, upande wa Yala, moto haukuzimwa usiku, ulifukiwa. Alisogeza makaa katikati ya mafiga, akayafunika kwa majivu, akaenda kulala. Alfajiri, kabla ya kutafuta kiberiti, alichutama akapitisha kiganja juu ya majivu polepole, bila kuyagusa, hadi mkono ulipomwambia: hapa. Akafukua hapo hapo, akapuliza, moto ukawaka. Jicho lisingemsaidia. Majivu ya upande huu na ya upande ule yalikuwa ya rangi moja.

Kazi yangu mimi ni ile ile ya nyanya, ila kiganja changu ni kamera.

Mmemwona kijana huyu akiweka mkono mezani, akahesabu hadi kumi, akauondoa. Kwa macho yetu meza ni meza. Lakini tazameni ukutani, ambako tunaonyesha kile kamera inachoona: mkono wake bado upo, vidole vitano vinafifia taratibu. Hilo ni joto alilouachia ubao.

Kila chenye joto hutoa miale. Mwaka wa 1800, William Herschel, mwanafalaki aliyeishi Uingereza, alipitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembetatu ukagawanyika rangi kama upinde wa mvua, kisha akaweka vipimajoto katika kila rangi. Kipimajoto alichokiweka nje ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni mwanga wowote, ndicho kilichopanda zaidi. Miale hiyo ndiyo tunayoiita infraredi. Mwili wako unaitoa sasa hivi ukiwa umekaa hapo. Kamera hii huipokea tu, haikutumii kitu. Hakuna eksirei, hakuna kubanwa titi kati ya vibao viwili, hakuna mkono wa mgeni.

Na kuna jambo hapa ambalo limenitia moyo tangu nilipoanza kazi hii. Mnakumbuka vile vipimo vya oksijeni vya kubana kidoleni wakati wa korona? Imeonekana kwamba hukosea zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi, kwa sababu hutegemea mwanga unaopita kwenye ngozi. Kamera ya joto haina ubaguzi huo. Katika miale hii ngozi ya binadamu, iwe ya rangi gani, hutoa joto lake karibu kwa kiwango kimoja. Kwa mara moja, chombo cha hospitali hakijali kama umezaliwa Ahero au Oslo.

Sasa, makaa yako wapi? Seli za saratani hugawanyika bila kipimo, na kiumbe kinachokua bila kipimo kinataka kulishwa. Daktari Judah Folkman wa Marekani alieleza mwaka wa 1971 kwamba uvimbe hauwezi kukua kupita ukubwa mdogo sana bila kujivutia mishipa mipya ya damu. Mishipa hiyo, pamoja na ile ya zamani inayopanuliwa, huleta damu nyingi mahali pamoja, na damu hubeba joto. Joto hilo husafiri hadi juu ya ngozi. Miaka kumi na mitano kabla ya Folkman, mwaka wa 1956, daktari Ray Lawson wa Montreal, Kanada, alikuwa tayari amepima ngozi ya wanawake wenye saratani ya matiti akakuta kwamba ngozi iliyo juu ya uvimbe ina joto kuliko upande wa pili.

Hapo ungedhani kazi imekwisha. Haikwisha, na nataka mlisikie hili kabla sijaisifia kamera yangu hata kidogo. Kuanzia 1973 Marekani iliendesha mradi mkubwa wa kutafuta saratani ya matiti katika vituo 29, uliopima zaidi ya wanawake 280,000. Picha za joto ziliwekwa pamoja na mamografia, yaani eksirei ya matiti, na kupapasa kwa mkono. Zilikosa saratani nyingi mno, zikaondolewa. Mwaka wa 1982 mamlaka ya chakula na dawa ya huko, FDA, iliruhusu picha za joto zitumike kama nyongeza ya kipimo kingine, si peke yake. Na Februari 2019 mamlaka hiyo hiyo ikalazimika kutoa onyo, kwa sababu kuna watu waliokuwa wakiwaambia wanawake kwamba picha ya joto inatosha, hawahitaji mamografia. Haitoshi. Mtu akija kwenu na kamera kama hii, awe na koti jeupe au tai shingoni, akawaambia inatosha, mwondokeeni.

Kwa nini zilikosa? Rudini jikoni kwa nyanya. Majivu yakiwa mazito, kiganja hupita juu ya makaa kisijue. Titi kubwa lenye mafuta mengi huficha uvimbe ulio ndani sana, maana mafuta huzuia joto. Kuna uvimbe unaokua polepole, usio na joto la kutosha kujitangaza. Na siku nyingine nyanya alifukua akakuta jiwe tu, lililobaki na joto la jana. Titi linalonyonyesha lina joto. Jipu lina joto. Siku za kabla ya hedhi matiti hubadilika joto. Joto linauliza swali, jamani. Jibu halimo ndani yake.

Kilichonirudisha mimi na wenzangu kwenye kamera hii ni kwamba mambo mawili yamebadilika. La kwanza, kamera za leo hutofautisha joto hadi sehemu ndogo sana ya nyuzi moja. La pili ni hesabu. Zamani mtu alikaa mbele ya picha akaamua kwa jicho: hapa pekundu, hapa si pekundu. Leo tunajua kwamba picha ni jedwali la nambari. Kamera yenye pikseli 640 kwa 480 ina nukta 307,200, na kila nukta ina kipimo chake cha joto. Hizo rangi mnazoziona ukutani ni pambo tunalopaka sisi ili jicho lipate cha kushika. Kompyuta inasoma nambari zenyewe.

Inazisomaje? Kwanza programu inachora mpaka: hapa titi linaanza, hapa ni kwapa, hapa ni tumbo. Kisha inalinganisha kushoto na kulia, maana mwili wako mwenyewe ndio mizani yako. Mimi na wewe hatufanani joto, lakini matiti yako mawili hukaribia kufanana, na tofauti kubwa kati yao ndiyo inayoita macho. Baadaye inatazama jinsi joto lilivyosambaa: limetulia, au limekusanyika penye mashina kama mizizi ya mti? Siku hizi sehemu hii tunaiachia mitandao ya neva, ile akili unde inayojifunza kutokana na picha nyingi zilizokwisha kuthibitishwa na madaktari.

Kuna mbinu ninayoipenda kuliko zote, ya feni. Chuo kikuu kimoja cha Brazil, Universidade Federal Fluminense, kimekusanya picha za joto za matiti na kuziweka wazi kwa watafiti wa dunia nzima. Utaratibu wao mmoja ni huu: mwanamke anapulizwa na feni hadi ngozi ipoe, kisha feni inazimwa na zinapigwa picha 20, moja kila sekunde 15, kwa dakika 5, huku ngozi ikirudisha joto lake. Ngozi yenye afya ikipoa, mishipa yake hujikunja kuhifadhi joto. Mishipa iliyoitwa na uvimbe haitii amri hiyo sawasawa. Kwa hiyo tunatazama namna joto linavyorudi, na wapi linarudi upesi kuliko jirani yake. Ni sawa na nyanya alipopuliza.

Vijana wa nyuma, hapa nawageukia nyinyi, kina mama watanivumilia kidogo. Mtasoma kazi zinazosema programu fulani imepata asilimia 98, asilimia 99. Kabla hamjashangilia, ulizeni swali moja: picha za mwanamke mmoja ziliwekwa upande mmoja? Mwanamke ana picha 20 zinazofanana. Ukiweka 15 kwenye mafunzo na 5 kwenye mtihani, programu haitambui saratani, inamtambua yule mama. Huo ni mtihani uliovuja, na nyinyi mliokulia nchi hii mnajua mtihani uliovuja unavyotoa alama nzuri na daktari mbaya. Gaweni kwa mtu, msigawe kwa picha. Kisha mpime kwa wanawake wa hospitali nyingine, kwa kamera nyingine, mji mwingine. Nimeona programu ikianguka kwa sababu tu ilizoea kamera moja. Aibu ya kuanguka maabara ni ndogo. Kuanguka mbele ya mama aliyetoka Nyakach na nauli ya kuazima ni jambo jingine.

Na mji wenyewe ni shida ya pekee. Vitabu vya kipimo hiki vinataka chumba chenye nyuzi 20 hadi 22 hivi, na mwanamke akae humo bila nguo ya juu dakika 10 hadi 15 ili ngozi itulie. Jamani, Kisumu! Saa nane mchana hapa tunafika nyuzi 30, na ngozi ya mtu ni kama 33. Chumba kikikaribia joto la ngozi, tofauti tunazozitafuta zinazama, kama kutafuta mshumaa kwenye jua. Nimejaribu kamera mchana katika chumba cha mabati, na picha iliyotoka ilikuwa uji mtupu. Wenzetu wa Kericho na Nandi Hills, kule milimani penye baridi, asubuhi yao wanapewa bure kile sisi tunachonunua kwa kiyoyozi.

Na si chumba pekee. Mama amekuja na boda, jua limempiga upande wa kulia njia nzima kutoka Kombewa: titi la kulia lina joto. Amembeba mtoto ubavuni, upande mmoja: huo una joto. Ananyonyesha zaidi kushoto kwa sababu mtoto anapenda huko. Amepaka mafuta asubuhi, na mafuta hubadilisha jinsi ngozi inavyotoa joto. Amekunywa chai moto nje akisubiri foleni. Yote haya kompyuta haiyajui mpaka mtu ayaulize na kuyaandika. Ndiyo maana mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba kifaa cha muhimu kuliko vyote katika chumba kile ni nyamrerwa mwenye daftari, anayejua kuuliza: umekujaje leo, mama? Mtoto ananyonya wapi zaidi? Wale wahudumu zaidi ya 100,000 waliopewa mikoba yao nchini mwaka wa 2023 wanajua njia ya kila boma. Kamera haijui hata jina la kijiji.

Nitoe hesabu moja, ni mfano tu. Tuseme tumepima wanawake 1,000 wasio na dalili, na 5 kati yao wana saratani. Tuseme programu yetu ni nzuri: inakamata wanne katika kila watano, na inawatisha bure 10 katika kila 100 walio wazima. Tutakamata 4. Mmoja atarudi nyumbani akiwa na karatasi ya kumwambia yuko sawa. Na wengine karibu 100 watalala macho wazi kwa hofu isiyo na sababu. Hao wote 100 na wale 4 wanahitaji altrasaundi au mamografia, na baadhi yao sindano ya kutoa sampuli ya nyama ipelekwe kwa mpatholojia, daktari anayeichunguza maabara. Wataipata wapi? Baada ya muda gani? Nani atalipa nauli ya mara ya tatu kwenda Russia, yaani hospitali yetu ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga? Kama hatuna majibu ya maswali hayo, basi kamera yetu imefanya kazi moja tu, kurefusha foleni.

Ndiyo maana siwaombi msaidie kununua kamera nyingi. Nataka kamera iwekwe mahali pake. Mamografia ni chache huku kwetu na kuisoma kunahitaji mtaalamu. Kwa wanawake wa umri mdogo, ambao nyama ya titi lao ni nzito, imeshikamana, mamografia nayo hupata shida kuona, na hapa kwetu wengi wanaougua ni wa umri mdogo kuliko wa Ulaya. Kwenye foleni ndefu, picha nzuri ya joto pamoja na mkono wa muuguzi aliyefunzwa inaweza kusaidia kusema: huyu na huyu watangulie kwenye altrasaundi wiki hii. Ikifanya hilo tu, na ikathibitishwa kwa wanawake wetu, katika joto letu, nitashukuru.

Lakini kuna kosa moja ambalo sitakubali lifanywe kwa jina la kamera hii. Mama yangu mdogo aliuza omena. Alipapasa kivimbe kigumu kama punje ya mahindi, hakikumuuma. Alienda kituo cha afya, akaambiwa ni maziwa yaliyoganda, hakuna neno. Mtoto wake wa mwisho alikuwa na miaka sita. Alirudi sokoni na neno lile, akalishikilia miezi tisa, kwa sababu lilikuwa neno zuri na alilitaka. Wakati huo kivimbe hakikungoja. Nyumbani wengine walianza kunong'ona habari za chira, kwamba kuna mwiko umevunjwa, na hilo nalo likala miezi. Alipofikishwa kwenye sindano, saratani ilikuwa imefika kwapani na kwenye mifupa.

Mtu aliyemfariji alitumia maneno matatu. Sasa fikirini picha ya rangi, imetoka kwenye kompyuta, chini yake imeandikwa salama. Nguvu yake ni mara ngapi ya maneno matatu? Kwa hiyo sheria yangu katika programu ninazoandika ni hii: mwanamke mwenye kivimbe hapimwi kwa kamera ili aambiwe yuko sawa. Ukiwa na kivimbe kipya, titini au kwapani. Ukiona chuchu imeingia ndani au inatoa damu. Ngozi ikifanya vishimo kama ganda la chungwa. Jeraha lisilopona. Ukiwa na lolote katika hayo, huna haja ya kamera yangu. Unahitaji kipimo cha ndani na sindano. Na hili ni kwa wanaume pia, kwani wao huugua, ingawa kwa nadra.

Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, mwaka wa 2020 Kenya ilikuwa na wagonjwa wapya karibu 6,800 wa saratani ya matiti, na vifo zaidi ya 3,000. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wake wa saratani ya matiti, na moja ya malengo yake ni kwamba tangu mgonjwa afike na dalili hadi apate jibu kamili zisipite siku 60. Siku 60. Mama mdogo alitumia zaidi ya 270 kwenye maziwa yaliyoganda.

Neno fupi kuhusu picha zenyewe. Ni picha za kifua chako kikiwa wazi, hata kama ni za rangi rangi. Sheria ya kulinda data ya mwaka wa 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Ulizeni: uso wangu umo? Picha inakaa kwenye simu ya nani? Nikisema ifutwe, itafutwa? Na anayepiga awe mwanamke kama ndivyo unavyotaka. Asiyeweza kukujibu asikupige. Zipo pia kamera ndogo za kuchomeka kwenye simu, nyingine zenye pikseli 160 kwa 120, yaani nukta 19,200 badala ya zile 307,200. Zinafaa kwa fundi wa stima anayetafuta waya uliochemka. Kwa titi, mimi bado sijaridhika nazo.

Nyamrerwa wangu, nina ombi kwenu. Kwenye daftari zenu chorea kila mama mwenye kivimbe mistari miwili: tarehe aliyokuambia, na tarehe aliyopata jibu la maabara. Msiandike tarehe aliyopewa rufaa, maana rufaa si jibu. Mkifika siku 30 na mstari wa pili uko wazi, nendeni mkamwulize nauli ilikwama wapi, mume alisema nini, foleni iliishia mlango gani. Mniletee daftari hizo. Zitanifundisha mahali pa kuweka kamera kuliko ramani yoyote ya wizara.

Wengi mmeniuliza mlangoni kama tutawapiga picha leo. Kipimajoto hiki hapa mezani kinasema nyuzi 29, na kiyoyozi cha ukumbi hakifanyi kazi. Kwa hiyo kamera naifunga. Chumba cha nyuma kuna wauguzi watatu, wote wanawake, pazia limefungwa, na wamekuja kupapasa kwa mikono yao. Atakayekutwa na kitu ataandikiwa jina la daktari na siku ya kumwona, na nauli yake imekwisha kuchangwa. Kina mama waliotoka mbali waanze.